Programu Yenye Kiswahili Kilichonyooka

Shoga yangu, nakuandikia haraka.

Ile programu ya kurekodia tamthilia ya mama kwenye kompyuta! Kaka alinisihi nichukue ile inayojulikana. Nikambishia, "Kiswahili cha maandishi yake kibovu!" Nikachagua nyingine, isiyojulikana, kwa kuwa Kiswahili chake kimenyooka. Yamenitokea puani.

Nimefungua nilichorekodi jana. Si tamthilia. Ni SISI! Kamera ya kompyuta imeturekodi sebuleni, mama anamwambia dada ufunguo wa akiba uko nje, chini ya ndoo.

Chini ya ndoo, shoga!

Halafu maandishi yakatokea kwenye skrini: "Mama yako anacheka vizuri."

Nimekimbilia kwenye ndoo. Ufunguo haupo.

Niko peke yangu, nimeegemeza kochi mlangoni. Njoo na kaka zako. Ukifika nipigie simu. Hodi ya mtu yeyote siitikii.