Mnyang'anyeni Bosi Ile Kamba

Kitale,
Jumatano, saa tisa mchana

Ndunge dada yangu,

Kabla hujamsomea mama hata mstari mmoja, weka karatasi hii chini, toka nje umnyang'anye Bosi ile kamba ya katani. Usivutane naye, atadhani mmeanza mchezo. Mwonyeshe kipande cha ugali, akifungua mdomo uichukue, uitupe motoni. Kisha rudi uketi uendelee kusoma. Mimi nangoja hapa.

Mwaitu, mama yangu, najua sasa umekunja uso. Mtoto gani huingia kwa mama yake bila kuuliza mmelalaje, mvua imefika wapi, mbuzi wangapi wamezaa? Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba mtu asiye na salamu ni mwizi au ana shida. Mimi si mwizi. Salamu zako nimeziweka mwisho na zitafika zote, lakini leo hata kukaa kitako siwezi. Mstari huu nimeuandika nimesimama.

Barua ya Ndunge niliipata jana. Anasema umemsukia Bosi kamba nene kuliko ile uliyomtumia Meja, mbwa wangu wa huku kazini. Anasema Bosi anaivuta kutwa, na akichoka anailalia na kuitafuna. Anasema wewe mwenyewe ulivutana naye mpaka ukaanguka chini mbele ya mke wa mchungaji, na nyote mkacheka mpaka chai ikapoa. Hapo nami nilicheka. Halafu nikakumbuka ni kamba gani, kicheko kikaniisha. Barua hiyo ilikaa njiani siku tisa, na siku zote hizo mbwa yuko kazini anatafuna.

Leo asubuhi nilikwenda posta kukuletea telegramu. Nilifika mpaka dirishani, karani akaniuliza aandike nini, nikaikumbuka ile iliyoleta habari za baba. Kwetu telegramu ni kifo. Ungeanza kulia kabla hujaifungua, majirani wangejaa uwanjani na mikono kichwani, kumbe ni habari ya mbwa! Nikageuka nikatoka. Lakini kesho lori la mbegu za mahindi linatoka hapa stoo kuja mjini Wote. Dereva ni mtu wa Kilungu, ameapa kwamba ataipitisha barua hii Kathonzweni mwenyewe, pamoja na mfuko. Habari ya mfuko nitaifikia.

Sasa jambo lenyewe. Mwaitu, nilikudanganya.

Nilikuandikia kwamba Meja ameipenda kamba yako na kwamba wenzangu wanaionea wivu. Hayo ni kweli. Sikukuandikia yaliyofuata.

Meja ni babake Bosi, lakini Bosi kwake ni kitoto. Akisimama na kuniwekea miguu mabegani, tunatazamana macho kwa macho. Mbwa wa namna hiyo akikosa kitu cha kuvuta baada ya kulinda stoo usiku kucha, hatulii. Anazunguka, anachimba, anakula mlango. Nilijaribu kumpa gongo, likapasuka vibanzi vikamchoma kaakaa. Nikampa kipande cha tairi. Ndani kuna waya, akavunjika ncha ya jino. Nikajaribu tyubu ya baiskeli. Ile alivuta, mimi nikavuta, akaamua kuachia. Ilirudi ikanipiga mdomoni nikavimba kama niliyeumwa na nyuki, na wenzangu walinisalimia kwa kuvimbisha midomo wiki nzima. Ndipo nikakuomba kamba.

Ilipofika ndani ya gunia la mbaazi, kwanza niliinusa. Ilinukia nyumbani. Unene wa kifundo cha mkono wangu, fundo kila upande, hakuna uzi uliolegea. Meja aliivuta siku mbili kwa furaha, na nikishughulika nilimwachia aendelee kuitafuna peke yake. Hilo ndilo kosa, na ni langu. Siku ya tatu hakula. Akawa anatapika povu, mgongo ameukunja, ananitazama tu.

Daktari wa mifugo alimpasua juu ya meza ya kupimia mbegu. Mimi ndiye niliyemshika kichwa. Daktari alitoa nyuzi, mwaitu, ndefu, akizivuta polepole, na utumbo ulikuwa umejikunja juu yake kama nguo unapovuta uzi wa mshono.

"Hii ni katani," akasema. "Kufunga ng'ombe iko sawa. Lakini kwa tumbo ya mbwa haiozi, haitoki. Inakata."

Sajini wetu, mkubwa wa mbwa wote hapa, aliiokota ile kamba akaigeuza mkononi. Ni mtu mkali, hasifu kitu.

"Mtu alisuka hii kitu si mchezo," akasema. "Mutua, umetoa wapi?"

"Nimeokota, afande."

Nimeokota! Kazi ya mikono yako, uliyokalia siku ngapi sijui, nilisema nimeokota njiani. Niliogopa kufukuzwa, nikaogopa wasije wakasema mama wa Mutua nusura aue mbwa wa kampuni. Siku zile Meja alipokuwa akinywa uji kwa kijiko, neno hilo ndilo lililonikaa kooni. Amepona sasa, anakula, kovu limefunikwa na manyoya. Mimi ndiye sijapona vizuri. Nikaona badala ya kukueleza nikuandikie kwamba kamba ni nzuri. Na wewe, kwa kusifiwa, ukakaa ukamsukia Bosi nyingine nene zaidi! Uongo wangu ndio uliosuka kamba hiyo.

Meja alikuwa na daktari aliye kilomita mbili tu. Bosi ana nani? Yule wa Wote huja kwa ajili ya ng'ombe, tena akipata mafuta ya pikipiki. Na unajua kwa nini nilikuletea mbwa yule Krismasi. Fisi walikuwa wamefika hadi mlangoni, na nyumbani mko wewe na Ndunge tu. Tangu Bosi aanze kubweka, mimi huku ninalala. Ukweli ni kwamba nilimleta ili nilale mimi.

Ndunge, hapa soma polepole. Mtazameni. Kama anakula na anakimbia, mshukuruni Mungu. Kama anakataa chakula, anatapika au anakunja mgongo, msimpe mafuta wala dawa ya kienyeji. Mtafute daktari siku hiyo hiyo, hata kama ni kumbeba kwa mkokoteni wa punda. Na mkiona uzi umetokeza nyuma yake, msiuvute! Mtu akiuvuta anamkata ndani. Kwa hili mwaitu asishauriane na mjomba Muia. Namjua, atavuta.

Sasa mfuko. Ndani mna suruali zangu mbili za khaki za kazi, zimechakaa magoti ila kitambaa bado ni kigumu. Nimetoa vifungo, zipu na kila chuma. Daktari alisema pamba nzito iliyosukwa kwa kukazwa ndiyo afadhali, maana haikwaruzi fizi na haina nyuzi ndefu ngumu kama katani. Mimi niliisuka ya Meja kwa mkono wangu. Siku ya pili ilifumuka, Sajini akaniuliza kama nilisuka nikiwa nimelala.

Kwa hiyo suka wewe. Kamba zako zimefunga mafahali wa nusu ya Kathonzweni na sijasikia hata mmoja aliyekata. Ila fahali anafungwa shingoni, huyu anakula. Fanya nene, ijae mdomoni, asiweze kumeza hata fundo. Fanya ndefu kama mkono wako kutoka kwapani hadi vidoleni, meno yake yawe mbali na yako ya mwisho yaliyobaki. Mkivuta, vuteni upande kwa upande, chini chini, msimwinue shingo. Ukimwambia "Eka!" aachie kwanza, ndipo mchezo uendelee. Mkimaliza, itundikeni kwenye msumari juu, asibaki nayo peke yake hata kidogo. Siku mtakapoiona inatoa nyuzi, ni ya moto, hata kama umeipenda.

Suka mbili, mwaitu. Moja ya Bosi. Nyingine mpe dereva wa lori anirudishie. Siku itakayofika nitampelekea Sajini kabla hata Meja hajainusa, nimwambie hii imesukwa na mama yangu, na ile ya kwanza pia, na kwamba sikuokota kitu. Akitaka kunifukuza anifukuze. Nadhani hatanifukuza.

Nisamehe kwa uongo. Nisamehe na kwa kuagiza kazi yako ichomwe moto kabla ya kukwambia kwa nini.

Nisalimie mjomba Muia, umwambie nampenda ila mikono yake aiweke mfukoni. Nisalimie shangazi Kalekye anayeniombea kila Jumapili, aongeze na mbwa kwenye orodha. Mke wa mchungaji mwambie aliyoyaona ulipoanguka abaki nayo moyoni. Ndunge, asante kwa kusoma. Nijibu kwa dereva huyu huyu, hata kama ni neno moja tu, atakungoja akinywa chai.

Ni mimi mwanao niliyekosa adabu,
Mutua

Na sasa, mwaitu, salamu zako. Hujambo? Umelalaje? Mgongo unakusumbua bado? Mvua imefika? Mbuzi hawajambo?

Na Bosi, amekula?