Panya Wangu na Ini la Papa

Kamembe, Rusizi
12 Machi 2012

Mpendwa Yaya Cubaka, kaka yangu,

Jambo sana kutoka nyumbani. Unaamkaje huko Liège, baridi imepungua? Sisi tuko, Mungu anatushika. Maman Eugénie anasema akikuwaza husikia viatu vyako mlangoni.

Asubuhi hizi ukungu unalala juu ya ziwa, Bukavu haionekani, na mimi naenda kazini kama mtu ambaye bado hajaamka.

Kazi yangu ni panya. Kwenye maabara tunawapa sumu ya kukausha ini, kidogo kidogo, na nusu yao tunawapa pia dawa ya presha, ile ya kawaida ya famasi, tuone kama italinda ini. Nawaota hata nikisinzia ndani ya basi: wanavuka daraja la Rusizi, weupe, polepole, na Papa, mzee wetu, katikati yao.

Maana Papa naye ini limekauka. Ni hepatiti B, homa ya ini, ya siku nyingi. Macho yamekuwa ya manjano, tumbo limejaa maji. Aliposikia habari ya panya akanishika mkono: "Feza, mwana wangu, hiyo dawa uniletee kidogo tu."

Nilitamani sana. Nikamuuliza daktari wake, akakataza kabisa: presha ya Papa iko chini, vidonge vile vingemwangusha na kuharibu figo.

Juma lililopita tulipasua panya. Maini ya waliopata sumu peke yake yalikuwa na vinundu, magumu chini ya kidole. Ya waliopewa dawa yalikuwa laini, yanang'aa, karibu kama ya wazima. Lakini hao walianza dawa pamoja na sumu. Iliwalinda tu; kurudisha ini lililokwisha kukauka hatujaona.

Nikamwambia Papa yote.

"Basi miye nimechelewa," akasema. "Na Cubaka? Huu ugonjwa unapita katika familia. Umwandikie apime damu, ini lake lingali laini."

Mimi nimepima, sina. Nenda nawe, Yaya, usingoje kuumwa.

Maman, shangazi Bernadette na batoto ba jirani Mulume wanakusalimu sana. Papa hakutuma salamu. Amesema atakusalimia akisikia majibu ya damu yako.

Mungu akufunike huko uliko.

Mdogo wako anayekupenda,
Feza