Uliyempa Kalamu Ni Mama

Shangazi mpendwa,

Hatujambo. Kuku uliyetuachia ametotoa vifaranga saba.

Ila nyumba ambayo marehemu Bibi alimwachia Mama itachukuliwa na Mjomba, aliyeachiwa mali iliyobaki. Wakili wa Bibi alimwambia Mama atie sahihi kwenye wosia kama shahidi, kumbe sheria inamnyima shahidi urithi.

Nilimfuata wakili ofisini.

“Binti, mteja wangu alikuwa bibi yako. Nyinyi hamnihusu.”

“Lakini uliyempa kalamu ni Mama. Nilikuwepo.”

Akajifanya anatafuta miwani, na ameivaa.

Tumemshtaki. Nitatoa ushahidi mimi, ambaye hata dukani huona haya kuomba chumvi. Kila asubuhi nafanya mazoezi mbele ya vifaranga. Mwanzoni walinikimbia, leo nimesema mpaka mwisho na hakuna aliyeondoka.

Mtoto wa kaka yako,
mliyemwita Kimya