Riwaya Mia Moja Kwenye Kibanda cha Kreni

6 Januari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Bado inavimba ukikaa sana? Mimi mzima. Kitabu kimefika, na barua nimeikuta katikati ya kurasa, haijakunjika hata kidogo.

Wenzangu wananicheka: mtu mzima, dereva wa kreni, anasoma riwaya mia moja za zamani kama anajiandaa na mtihani! Nawaambia mama yangu alivipiga mihuri vitabu hivyo maktaba maisha yake yote bila nafasi ya kuvisoma. Sasa kastaafu, anasoma yeye kwanza, kisha ananipitishia mimi. Na kule juu zege likichelewa, nina kazi gani nyingine?

Ila kuna jambo. Kwenye ile ya fundi wa mapaa, pale anapoanguka, mwandishi haelezi anavyoanguka. Anatuonyesha mke wa fundi jikoni, anamenya viazi, hajajua lolote. Nilifunga kitabu nikatazama chini. Sakafu ya kibanda changu ina kioo. Miaka yote naona nondo, mbao na kofia. Siku ile nikaona kofia inavuliwa, mtu anajikuna kichwa. Nikajiuliza nani anamngoja nyumbani. Mikono ikaloa jasho, mama. Mimi!

Usinicheke.

Kitindamimba wako

15 Januari

Kitindamimba wangu,

Marahaba baba. Miguu ni ile ile, tumezoeana. Hapa wote salama, dada yako anakusalimu.

Nimecheka, nisamehe. Na mimi hapo kwenye viazi niliunguza sufuria. Lakini jasho lako ni njaa tu, nakujua. Kunywa uji kabla ya kupanda. Nakutumia inayofuata, ya hakimu na mbwa wake. Humo hapandi mtu popote. Hakimu amekaa kitini tangu mwanzo mpaka mwisho, utalala usingizi mzito.

Mama yako

3 Februari

Mama,

Shikamoo. Natumaini umeamka vizuri, na dada pia.

Si njaa. Uji nakunywa, na bado nikishika ngazi nasimama pale pale mpaka niitwe mara ya pili. Yule hakimu ndiye kanimaliza kabisa. Nimekaa ndani ya kichwa chake mpaka namjua kuliko jirani yangu, na sasa kila ninayemwona chini najua naye ana kichwa chake. Kuna mfunga mizigo mmoja tunamwita Mzee wa Soksi, kwa sababu soksi zake hazijawahi kufanana. Yeye ndiye anayesimama chini ya ndoano yangu. Juzi niliinua mzigo nikamwona kalala chini, damu, kila kitu. Nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa amesimama ananipungia mkono.

Nilimweleza msimamizi. Akasema, "Wewe? Umekaa juu miaka kumi na moja kama ndege! Vitabu vimekuharibu. Panda."

Upepo umeanza huku.

Mwanao

10 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sasa sicheki. Acha kusoma. Kitabu nilichotuma juzi usikifungue, kirudishe. Orodha haina miguu, itatungoja. Nenda kwa daktari, mwambie akuandikie mapumziko. Nijibu haraka.

Mama yako

2 Machi

Mwanangu,

U hali gani? Hii ni barua ya tatu bila jibu. Simu ya ofisi yenu inaita tu. Leo mtu wa posta kapita, nikakimbia mpaka barabarani na miguu hii hii, akatikisa kichwa. Jioni jirani kabisha hodi, nikashindwa kwenda kufungua. Nilijua ni watu wa kazini kwenu wamekuja. Dada yako akafungua, kumbe jirani anataka kuazima ngazi.

Niandikie hata neno moja. Hata tusi.

Mama

9 Machi

Mama yangu,

Shikamoo, na unisamehe sana. Ni mzima, mikono na miguu yote ipo. Nilikuwa nimelala nimegeukia ukuta. Nilikuwa naona haya.

Niliganda, mama. Nilikuwa nimeinua mbao, upepo ukazisukuma, zikaanza kuzunguka juu ya vichwa vya watu. Msimamizi anapiga kelele kwenye redio, "Shusha! Shusha, mjinga wewe!" Mkono ukakataa. Naiona picha yao wote, mmoja mmoja, na wake zao jikoni. Siwezi kushusha, siwezi kuinua.

Kisha nikasikia sauti nyingine redioni. "Mwanangu, mimi wa soksi. Nimesogea. Wote nimewasogeza. Chini hakuna mtu, ni mchanga tu. Shusha polepole."

Nikashusha nalia. Halafu kushuka mwenyewe nikashindwa. Akapanda mzee yule, na umri wake, tukateremka yeye akiwa chini yangu, kila hatua anakishika kisigino changu anakiweka kwenye ngazi. "Hapa. Na mguu huu, hapa."

Hakuna kilichoanguka. Kijana aliyewekwa badala yangu kauliza, "Upepo gani?" Na kweli, yeye alizipandisha mbao zile zile kabla ya chakula cha mchana, akipiga mluzi.

Sasa nafunga mizigo chini, na Mzee wa Soksi. Nilidhani hofu itabaki huko juu. Wapi! Imeshuka nami. Kutwa nzima shingo iko juu, namtazama yule kijana.

Na kile kitabu nimekifungua. Nimekimaliza. Nitumie kinachofuata.

Kitindamimba wako

17 Machi

Kitindamimba wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena.

Msalimie Mzee wa Soksi. Namfumia jozi, na sitazifananisha, nisije nikamharibia jina. Kitabu nimekifunga pamoja nazo.

Huyo kijana anayepiga mluzi, muulize mama yake yuko wapi. Nataka kumwandikia.

Na usione haya. Ulipopata kazi ile, ukaniambia, "Mama, mimi siogopi kitu," nikakupongeza, nikaingia chumbani nikafunga mlango. Tangu siku hiyo kila upepo uliogonga dirisha langu ulikuwa unakuangusha wewe. Miaka kumi na moja, baba, nimeogopa zamu mbili, yangu na yako.

Asante kwa kunipokea zamu yako.

Mama yako