Mwanafunzi wa Baba Mdogo

Mpendwa Mama Mdogo,

Huku hatujambo, na kikohozi cha Baba Mdogo kimepona. Ofisini bado ananitambulisha kwa kila mtu: "Huyu binti wa kaka. Nafasi ya mafunzo nimemtafutia mimi." Meneja alimwagiza anifundishe kazi yake yote ya kushughulikia malalamiko ya wateja, naye hanifichi kitu. "Soma mwanangu, nami ninywe chai kwa raha," hunitania.

Jana meneja aliniita. Mwezi ujao Baba Mdogo ataachishwa kazi, nami nitakalia kiti chake bila mshahara hadi mwaka wangu wa mafunzo uishe. Nikivujisha siri, ripoti yangu haitafika chuoni.

Mama Mdogo, nimeshindwa kumwambia. Leo amenikaripia kwa kuzubaa. Kesho ananifundisha kazi ya mwisho iliyobaki.

Ni mimi mwanao