Umri wa Bi Tausi

Jumatatu, 11 Agosti

Nimetoka shule, nimepita dukani kwa mama kama kawaida. Foleni ya kutoa kopi. Nimefagia. Nimekusanya nakala zilizoharibika, zenye michirizi na zilizokatwa kichwa, nikampelekea Mama Zuhura anayeuza karanga kituoni. Yeye huzikunja za kufungia karanga. Kanipa fungu moja bure. Kazi yangu hii tangu darasa la sita.

Jumatano, 13 Agosti

Siku mbaya. Bi Tausi, jirani yetu, amekuja dukani na karatasi yenye mafuta. Nakala ya kitambulisho chake cha taifa: jina, namba, tarehe ya kuzaliwa. Shoga yake alinunua karanga, akaikunjua kwenye kikundi chao cha akina mama, akasoma kwa sauti. Miaka yote Bi Tausi amewaambia ana hamsini. Ana sitini na moja. Wamemcheka mpaka wakakaa chini.

“Umri wangu mmeufungia karanga,” alimwambia mama. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Amesema atakwenda kwa mtendaji wa kata, na huko asiposikilizwa, atafika kwenye tume ya kulinda taarifa binafsi.

Mama alijibu kwamba karatasi zilichanganyika tu. Mimi nilijificha nyuma ya mashine. Najichukia.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimemuuliza Mwalimu Neema wa uraia. Sheria ipo. Taarifa za mtu unazichukua kwa kazi aliyokupa, si kwa nyingine. Unazilinda. Kazi ikiisha, huzikalii. Nimemuuliza kama inagusa hata duka dogo. Akasema mteja wa duka dogo naye ni mtu.

Mama hakutaka kusikia. “Hayo ni mambo ya makampuni ya simu, mwanangu. Sisi tuna mashine moja.”

Wateja wachache leo. Wawili wamechungulia, wakapitiliza. Duka hili ndilo linalotulisha. Naogopa.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimefungua kompyuta ya dukani. Vyeti vya kuzaliwa, barua za kazi, hati za viwanja, vyote vya watu, vya miaka mingi. Katikati yake nikakuta majibu ya hospitali ya marehemu baba. Mama aliyaskani mwaka ule wa ugonjwa, akasahau. Kila mteja aliyekaa kwenye kile kiti angeweza kuyasoma.

Nimemwita mama. Ameyasoma mpaka mwisho.

“Nifundishe hiyo sheria yako,” akasema.

Jumamosi, 16 Agosti

Tumefuta mafaili asubuhi nzima. Ya baba, mama kayahifadhi nyumbani. Sasa kompyuta ina nywila, na kuna sanduku la bati lenye kufuli la kuwekea karatasi za wateja. Nimeandika bango kwa mkono wangu: NAKALA ILIYOHARIBIKA NI YAKO. ONDOKA NAYO, AU TUICHANE UKIONA. Wiki ijayo mama atakwenda kuuliza kama duka letu linapaswa kusajiliwa.

Alasiri tumekwenda kwa Bi Tausi kuomba radhi. Shikamoo yangu ilichelewa kuitikiwa. Kabla mama hajaanza nikasema, “Karatasi nilipeleka mimi, Bibi. Si mama.” Mama akasema duka ni lake, kwa hiyo kosa ni lake. Hakunisukumia lawama. Najivunia mama yangu kuliko ninavyoweza kuandika.

Bi Tausi hakusema amesamehe. Alituletea chai.

Jumatano, 20 Agosti

Bi Tausi hajaenda kwa mtendaji. Amekuja dukani, kasoma bango lote, katoa kitambulisho. Nakala ya kwanza ikatoka na michirizi. Nikaichana mbele yake, vipande vidogo vidogo.

“Chana tena hapo penye mwaka,” akasema.

Nikachana. Akacheka yeye kwanza. Foleni nzima imeona. Mwalimu Neema naye alikuwemo, na barua za shule mkononi.

Jumamosi, 23 Agosti

Mvua kidogo asubuhi. Mama Zuhura alilalamika hana karatasi, nikampa madaftari yangu ya kidato cha kwanza. Leo nimenunua karanga kwake. Nimekunjua, nikakuta zoezi langu la hesabu. Tatu kwa kumi, kwa wino mwekundu, na jina langu kamili juu.

Karatasi hizi ni zangu. Nilizitoa mwenyewe.

Karanga zilikuwa bado za moto.