Kutoka Kalvatini Hadi Kalinzi

Jumapili, 14 Julai. Simbo

Mnyororo nimeupaka oili. Soksi nimefua, hazijakauka. Makalio yanauma, na hilo siliandiki zaidi. Siku mbili kutoka Kasulu, pancha moja tu. Nimekula ugali na samaki wa migebuka, na maharage juu yake, maana mama mwenye nyumba ya wageni amenionea huruma.

Kesho Ujiji. Keshokutwa mlima wa Kalinzi, kisha Manyovu, kisha nyumbani. Likizo nzima naila kwa ajili ya mlima mmoja.

Niandike ukweli, daftari halina mdomo. Mwaka jana sikuupanda. Nilifika kwenye kalvati, daraja dogo la bomba, iliyomeguka ukingo, miguu ikagoma, nikapakia baiskeli kwenye pikapu ya dagaa. Juu nikashuka, nikajipiga picha, nikaituma ofisini: nimeshinda! Wakaichapisha, wakaibandika ukutani. Tangu hapo naitwa Mama Kalinzi. Mpima ardhi mzima, mtu wa Iringa, niliyekulia milimani! Kila wakiniita hivyo natazama pembeni.

Safari hii kila mita naipiga pedali. Nikifika juu, jina litakuwa langu kihalali na hakuna haja ya kumwambia mtu.

Jumatatu, 15 Julai. Ujiji

Nimeingiza tairi la mbele ziwani, nianzie chini kabisa. Akina mama waliokuwa wakisuuza vyombo wamenicheka. Wacha wacheke.

Baadaye nimekwenda mwalo wa Katonga, kununua dagaa wakavu wa kutafuna njiani. Pale nimewaona wanaopandisha mawese Kalinzi wakifunga mizigo. Madumu matatu kwenye keria, mpira wa tyubu unazungushwa mara saba. Baiskeli hazina gia. Breki ni soli ya ndala inayokandamizwa kwenye tairi. Nimewahurumia.

Ziwa limetulia tuli. Mimi sijatulia. Naogopa.

Jumanne, 16 Julai. Mwandiga

Nimeshindwa tena.

Nilianza saa kumi na mbili asubuhi, nina nguvu kama trekta. Nikawakuta wabeba mawese wanne wakisukuma baiskeli zao, vichwa chini, jasho linadondoka kwenye lami. "Mwakeye!" nikawasalimia kwa Kiha changu cha kuokoteza, nikawapita mmoja mmoja. Hakuna aliyeitikia. Nikasema moyoni, hawa wamenuna nini?

Kabla ya kalvati, pa! Mnyororo umekatika. Vipuri vya mnyororo nimeviacha Kasulu, mezani, naviona kabisa. Nikakaa pembeni. Wale wanne wakanifikia, watatu wakanipita. Wa mwisho ndiye aliyesimama. Anaitwa Baba Neema, wazazi wake walitoka Burundi wakabaki huku. Akaniambia bila hasira: "Mama, kwenye mlima huu mwenye mikono mitupu anamsukuma mwenye mzigo hadi kona. Halafu anaenda zake. Wewe umetupita wote."

Nimeishi mkoa huu miaka sita. Sikujua. Ningejuaje, na barabara hii nimezoea kuipita kwa gari la ofisi, vioo juu?

Nimeteremka kwa kujiachia hadi hapa. Nina aibu ya kutosha watu wawili.

Jumatano, 17 Julai. Mwandiga

Fundi ameunga mnyororo. Bosi ametuma ujumbe: Mama Kalinzi, tayari uko juu? Nimeizima simu.

Kinachonisumbua ni hiki. Nikishuka kumsukuma mtu, mita zile nitakuwa nimetembea. Safari itakuwa na pengo, na mimi pengo kwenye mstari silivumilii hata kwenye ramani ya shamba la mtu. Nisiposhuka, nitakuwa yule yule wa jana. Nimekula wali mara mbili na jibu sijapata.

Alhamisi, 18 Julai. Kalinzi

NIMEUPANDA!

Mwandiko mbovu, sijali. Nianze mwanzo.

Kalvati nimeifikia saa mbili. Na nani yuko pale? Baba Neema, na madumu yake matatu, amekwama. Anasukuma hatua mbili, baiskeli inamrudisha moja. Wenzake wametangulia. Mbele yangu lami tupu, miguu bado mizima. Ningeweza kupita. Nikasema, potelea mbali.

Nikashuka. Nikatoa chaki, maana mpima hatembei bila chaki, nikachora msalaba barabarani pale pale tairi liliposimama. Baiskeli nikailaza majanini. Nikaweka mikono kwenye keria, tukasukuma. Mungu wangu, ule mzigo! Mawese yananuka, mikono inateleza, mabega yanawaka moto. Tukafika kona. "Urakoze, mama," akashukuru. Nikamwambia subiri uone wazimu, nikageuka, nikateremka kwa mguu hadi kwenye msalaba wangu, nikapanda baiskeli, nikaanza upya.

Kipande kile kile. Safari hii kwa pedali.

Mbele nikamkuta wa pili. Chaki, majani, sukuma, rudi. Wa tatu, vivyo hivyo. Kwa huyu wa tatu nililia, nakiri. Nilikuwa nautukana mlima kwa Kihehe.

Kona ya mwisho wote wanne walikuwa wamepumzika, wananingoja. Nafika kwao gia ya mwisho kabisa, natambaa, naona giza machoni. Baba Neema akaruka, akashika keria yangu. Ndiyo desturi, ananilipa! "Usinisukume!" nikapiga kelele. "Usiniguse jamani, nakuomba!" Akaachia kama ameungua. Akanitazama. Sijui alielewa nini, lakini akaanza kukimbia pembeni yangu, mikono juu hewani, wenzake wakapiga miluzi, na hivyo ndivyo tulivyoingia Kalinzi. Mimi juu ya baiskeli. Hakuna mguu uliogusa chini.

Nikageuka. Ziwa lote chini kule, na nimetoka huko kwa miguu hii hii yenye vigimbi. Nikacheka peke yangu kama chizi. Nina furaha! Sijawahi kujipenda hivi.

Kwenye kibanda cha chai, mama muuzaji akanikazia macho. "Si wewe ulishuka kwenye pikapu ya dagaa mwaka jana?" Wale wanne wakanigeukia. Nikasema, "Ndiye mimi." Ni mara ya kwanza kulitamka. Halikuniua. Baba Neema akanisogezea maandazi.

Jumatatu, 22 Julai. Kasulu

Nimerudi kazini. Miguu mizito.

Asubuhi, wote wakiwa kwenye chai, nimeibandua ile picha ukutani. Nimewaambia. Pikapu, dagaa, yote. Kisha nikawaambia ya Alhamisi. Bosi akauliza picha ya safari hii iko wapi, waibandike.

Sina. Nilisahau kabisa kupiga. Nilikuwa nakula maandazi.

Ukuta umebaki na alama ya mstatili mweupe. Kila mtu akarudi mezani kwake. Nimechora mpaka wa kiwanja kimoja hadi saa tisa unusu.

Nilipokuwa natoka, mlinzi ambaye hakuwepo kwenye chai akafungua geti. "Mama Kalinzi, kwaheri!"

Nimeitika.